Tetemeko na Mlango wa Chumba Changu

Siku ardhi ilipotikisika Mpanda nilikuwa chumbani kwangu, hapa Ilembo, nimetoka kuoga, nimejifunga kitenge kimoja, nachana nywele. Ilikuwa mchana, saa nane na kitu. Nyumbani hapakuwa na mtu isipokuwa mkwe wangu, mume wa binti yangu wa mwisho, aliyekuwa uani akishusha magunia ya mpunga aliyoyaleta kutoka mashambani kwao Mamba. Binti yangu alikuwa ameenda mazikoni upande wa pili wa kata, na karibu mtaa mzima ulikuwa huko. Nasema hayo mapema ili mtu asije kuniuliza mbona sikupiga kelele watu wakaja. Watu hawakuwepo. Alikuwepo mkwe.

Na mkwe haingii chumba cha mama mkwe. Kwetu ni hivyo na kwao ni hivyo, ingawa wao walikuja na ng'ombe kutoka kaskazini na sisi walitukuta hapa. Hanipi mkono. Hali sahani moja na mimi. Akinikuta njiani anasogea pembeni, anainama, anatazama majani mpaka nipite. Kitanda changu hatakiwi hata kukiona. Wana watoto wanne sasa, na miaka yote hiyo sikuwahi kumtazama yule baba usoni muda wa kutosha kusema sura yake ikoje. Silalamiki. Nililelewa hivyo, nikawalea wanangu hivyo, na aliyekuja kuoa kwangu nilitaka kujua heshima yake kabla sijaulizia ng'ombe wake.

Kwanza kilikuja kishindo kimoja, kutoka chini, kama lori limemwaga mawe nyuma ya nyumba. Nikafikiri mkwe ameangusha gunia. Kitana kikasimama katikati ya nywele. Halafu pakawa kimya, muda wa mtu kuvuta pumzi mara mbili tatu. Katika kimya hicho kuku walikuwa wanalia na mimi nikajua.

Ningeweza kutoka. Mlango ulikuwa hatua nne. Lakini nilivyofundishwa na bibi yangu mzaa mama ni kwamba ardhi ikitikisika unakaa chini, unaweka viganja juu ya udongo, unanyamaza mpaka ipite. Anayekimbia anaangushwa. Tulivyokuwa wadogo ilitokea mara kadhaa, maana huku kwetu ardhi haikai kimya miaka mingi, na kila mara tulikaa chini ndani ya nyumba ya bibi, tukaweka viganja, nyumba ikalia kama kapu linalobebwa, ikapita. Vumbi kidogo kutoka kwenye nyasi, basi. Mtu hakuumia hata siku moja. Kwa hiyo nami, bibi mzima mwenye wajukuu kumi na mmoja, nilikaa chini kati ya kitanda na ukuta, nikaweka viganja kwenye sakafu, nikanyamaza.

Nilichosahau ni kwamba nyumba ya bibi ilikuwa ya miti iliyofungwa kwa kamba za magome, ikakandikwa udongo, juu nyasi. Yangu ni ya tofali za kuchoma. Nilizifyatua mwenyewe na marehemu mume wangu, tukalipanga tanuri wenyewe, tukalilisha kuni siku tatu. Tofali nzuri, ukizigonganisha zinalia. Lakini tulizijenga kwa udongo, na tulipofika juu ya madirisha fundi akasema tusimame, tuzungushe linta ya zege nyumba nzima, ishike kuta zote kwa pamoja kama mkanda. Mvua zilikuwa zimekaribia. Mimi ndiye niliyesema hapana. Nilimwambia weka mbao juu ya milango na madirisha, pandisha, nataka bati liwe juu kabla ya mvua. Mume wangu alinyamaza. Fundi akapandisha. Na upande wa chumba changu akapandisha ule ukuta wa pembetatu mrefu unaoshika bati, maana nilitaka nyumba ionekane ndefu kutoka barabarani. Chini ya ukuta huo ndipo nilipokaa.

Nyumba ikavutwa kulia, ikavutwa kushoto. Haikuruka kama wengine wanavyosimulia. Ilivutwa, kama mtu anapepeta na wewe uko ndani ya ungo. Sanduku langu la bati likateleza likagonga mlango. Tofali za juu zikaanza kushuka, moja, mbili, halafu kundi. Nilijikunja. Nilipofungua macho vumbi lilikuwa zito kiasi kwamba mwanga wa dirisha ulionekana mwekundu, na mguu wangu wa kulia kuanzia gotini kwenda chini ulikuwa umefukiwa. Nilijaribu kuuvuta, na maumivu yaliyopanda yakanifanya niache.

Mlango wa chumba unafungukia ndani. Nyuma yake lilikuwa limekaa sanduku, na juu ya sanduku tofali. Dirisha lina nondo, niliziweka mwenyewe kwa ajili ya wezi. Nikatazama juu. Ule ukuta wa pembetatu ulikuwa bado umesimama, sehemu kubwa, ila ulikuwa umeniinamia.

"Mama." Sauti ya mkwe, kutoka sebuleni.

"Nipo."

"Umeumia?"

"Mguu umekaliwa na tofali."

"Nakuja."

"Usije."

Nilisikia mkono wake ukigusa mlango, ukaacha.

"Mama, mlango haufunguki."

"Najua haufunguki. Na usiufungue. Nina kitenge kimoja mwilini. Piga simu."

Akapiga. Nilikuwa nasikia vidole vyake kwenye vitufe, anapiga, anakata, anapiga. "Simu hazipiti, mama. Nadhani kila mtu anapiga."

"Basi nenda kamwite mama jirani. Yule mwenye magoti."

Huyo mama jirani ni mtani wangu. Babu zetu walitaniana, na sisi tumeendeleza kwa miaka arobaini bila kupumzika. Yeye hakwenda mazikoni kwa sababu magoti hayampeleki mbali. Nilijua atachukua muda kufika. Nikabaki pale nikihesabu tofali zilizobaki juu yangu, na kila nilipohesabu nilipata jibu tofauti, maana vumbi lilikuwa linaendelea kushuka, uzi mwembamba, mahali palepale, kama unga unaovuja kwenye gunia lililotoboka. Nilifikiri juu ya udongo ule tuliojengea. Niliukanyaga kwa miguu yangu. Nilijua umekauka kiasi gani.

Mara nikasikia fimbo yake nje ya dirisha, kisha nikaona uso wake kati ya nondo.

"Ni wewe uliyeanguka au nyumba?" akaniuliza.

"Nyumba."

"Nilisema mimi. Nilisema weka linta, ukasema nina wivu."

"Ulikuwa nao."

"Nilikuwa nao, lakini linta nilisema." Akatazama juu, nikaona uso wake unabadilika, kisha akaurudisha ulivyokuwa. "Mwenzangu, ukuta huo haukupendi."

"Naona. Ita watu."

"Watu gani? Watu wako makaburini wanangoja chakula. Tumebaki mimi na huyu mkweo, amesimama hapa anautazama mpapai kama ameposa. Mwambie aingie akutoe."

"Hawezi kuingia."

"Hawezi, au umemkataza?"

Mkwe ndiye aliyesema, kutoka upande wa pembeni ambako sikumwona. Alisema polepole, "Mama, ukuta wa juu umeachana na wa pembeni. Mwanga unapita katikati."

"Unatazama chumba changu?"

"Natazama ukuta tu, mama."

Yule mtani akacheka mpaka akashika nondo. "Sikiliza hao. Mmoja anakufa, mwingine anaomba ruhusa. Mimi sina shida, ukifa leo nitakula matanga mawili wiki moja. Ila nakwambia, walewale unaowatunzia heshima yako ndio watakaokuosha ukiwa uchi, na wewe hutasema kitu."

Maneno hayo yaliniuma, nayaandika yalivyo. Lakini hata hapo sikusema aingie. Mtu ambaye hakukulia katika mambo haya ataona ni ukaidi wa kizee. Kwangu ilikuwa hivi: akiingia akaniona, hataweza kuwa mkwe wangu tena kwa namna ileile. Atakuja kukaa uani kwangu na kile alichokiona kitakuwa kimekaa naye. Na mimi nitakaa wapi? Nilikuwa nimebanwa na tofali mguuni na nimebanwa na jambo lile kwingine kote, na kwa kweli sikujua ni lipi zito.

Ndipo nikatoa amri yangu, ile ambayo nimeirudia kichwani kila siku tangu hapo.

"Ajifunge kitambaa machoni," nikasema. "Akishajifunga, aingie."

Mtani akaacha kucheka. "Atakutoaje akiwa kipofu?"

"Wewe utamwelekeza. Una mdomo."

Mkwe akasema, "Sawa, mama." Hakubisha hata neno moja. Mtani akavua kilemba chake, akakishika tayari. Kwanza mkwe alikwenda kuchukua shoka, akavunja mlango sehemu ya chini akiwa bado anaona lakini ameugeuza uso pembeni, tofali zikaporomoka kuelekea sebuleni. Kisha akarudi dirishani, nikamsikia mtani akimwambia ainame, akimfunga, akikaza; akapapasa ukuta mpaka mlangoni, akaingia kwa magoti.

Nilivuta kitenge mpaka shingoni kwa mkono mmoja. Mwili wangu wote ulikuwa mweupe wa vumbi. Alikuwa anapapasa sakafu mbele yake kama mtu anayetafuta sindano.

"Kushoto, baba, kushoto," mtani akasema dirishani. "Siyo hapo. Hilo ni sanduku."

"Hili?"

"Tofali. Toa. Na lingine. Kulia kidogo. Ee, hapo."

"Mama, samahani, hii ni nini?"

"Ni kitenge changu," nikasema. "Iache."

"Nimeiacha."

Alitoa tofali moja moja, anaigusa kwanza, anaipima, anaiweka nyuma yake. Mtu mwenye macho angekuwa amemaliza zamani. Angeona zipi zimeshikana na zipi ziko huru, angezisukuma kwa mikono miwili, angenivuta, tungekuwa nje. Yeye alifanya kazi kama anachambua mchele gizani. Jasho lilikuwa linamtoka chini ya kilemba, linachora mistari kwenye vumbi la mashavu. Mara mbili mtani aliniambia, "Mwenzangu, mwache afungue macho." Mara mbili nikasema, "Endelea kumwelekeza."

Likabaki bonge moja, tofali nne au tano zilizogandamana na udongo wake, limekaa juu ya ugoko wangu. Aliingiza mkono wa kulia chini yake, akatia bega. Likanyanyuka kidogo. Nikausikia mguu unapata nafasi.

Ardhi ikarudia. Haikuwa kubwa kama ya kwanza, baadaye niliambiwa ilikuwa ndogo sana kwa hesabu zao. Mimi niliona ukuta unakuja. Yeye hakuona, alikuwa amefungwa kilemba nilichoamuru. Nikasema, "Toka." Hakutoka. Nadhani hata hakujua atoke kuelekea wapi. Alinishika kwapani kwa mkono wa kushoto, akanivuta mguu ukatoka, na mkono wa kulia ukabaki chini ya bonge, na tofali za juu zikashukia juu ya bonge.

Hakulia. Alitoa sauti ya puani tu, kama ng'ombe anapochomwa alama. Kisha akauvuta mkono, nikasikia ulivyotoka, akang'oa kilemba kwa mkono wa kushoto, akanitazama. Tulitazamana uso kwa uso. Halafu akanibeba kama gunia, tukapita kwenye ule mlango uliovunjwa, sebuleni, uani, mpaka kwenye mpunga wake, na nyuma yetu ukuta ukamaliza kuanguka na bati upande mmoja likakaa juu ya kitanda changu.

Mtani alikuwa amekaa chini, kichwa wazi, anaomba Mungu kwa lugha ya kwao. Ng'ombe wawili waliokokota mkokoteni wa mpunga walikuwa wamesimama nje ya uzio wanakula majani.

Hospitalini mguu wangu ulifungwa plasta, nikaambiwa umevunjika vizuri, utaunga. Na uliunga. Mkwe alikatwa vidole viwili, vingine viwili vilibaki lakini havikunjiki. Mkono wa kulia. Yule ni mtu anayekamua ng'ombe asubuhi na jioni, na mpunga wa Mamba unavunwa kwa mundu.

Wiki zile mtaa mzima ulilala nje, watu chini ya maturubai na vyandarua vilivyofungwa kwenye miti. Kila mtu alikuwa na sababu yake. Wengine walisema ni wachimba dhahabu wametoboa sana ardhi mpaka imekasirika. Wengine walisema ni dhambi, na wakataja za nani. Ndugu yetu wa Karema alipopatikana kwenye simu alisema huko lilikuwa kali zaidi, ziwa lilirudi nyuma kidogo likaja tena, mitumbwi ikagongana, na kwenye mchanga karibu na maji ardhi ilitoa maji yenyewe kama kidonda. Kutoka Mamba walisema mashambani kwenye majaruba ya mpunga ilitikisika muda mrefu kuliko kwenye vilima, kama uji kwenye bakuli.

Ndipo wakaja watu wa kupima matetemeko. Kwangu aliingia binti mmoja mwenye buti na karatasi, akanikuta nimekaa uani na plasta yangu. Aliniita bibi, akaomba nimweleze yote kwa mpangilio. Nikamwambia mimi nimesoma mpaka darasa la nne, asinizungushe. Akacheka, akakaa kwenye kinu.

Aliniuliza kwanza vitu vya kawaida. Vyombo vilianguka? Watu walikimbia nje? Kuta zilipasuka kwa mlalo au kwa wima? Nikamuuliza ya nini hayo, kwani hana mashine? Akasema mashine wanayo, imefukiwa chini mbali na watu kwa sababu inasikia hata mtu akitwanga, nayo inatoa ukubwa wa tetemeko, namba moja kwa tetemeko zima. Lakini namba hiyo haisemi Ilembo iliumiaje na Mamba iliumiaje. Hilo wanalipata kwa kuuliza watu na kutazama nyumba, mahali kwa mahali, maana nguvu iliyotoka chini ni moja ila kila udongo unaipokea kivyake, na kila nyumba inailipa kivyake. Ndiyo maana anatembea na karatasi.

Nikamuuliza na wachimba dhahabu. Akasema hapana. Akasema ardhi ya upande huu, tangu ziwa Tanganyika mpaka Rukwa, inaachana, inavutwa pande mbili polepole sana, huwezi kuona maisha yako yote. Miamba inavumilia. Nikamwambia kama kamba ya ng'ombe. Akasema ndiyo, bibi, kama kamba, inavutwa, inavutwa, hakuna kinachoonekana, halafu siku moja inakatika, na ule mstuko wa kukatika ndio unaosambaa. Na ikishakatika bado inajiweka sawa, ndiyo maana linarudia mara kwa mara siku kadhaa. Nikamwambia hilo la kurudia nalijua.

Kisha akauliza, "Bibi, unakumbuka kama kulikuwa na kishindo kwanza, halafu kimya, halafu ndiyo ikatikisika?"

Nikasema nakumbuka.

"Kimya kilikuwa kirefu kiasi gani?"

Nikamwonyesha kwa pumzi. Akaandika. Akanieleza kwamba mitikisiko inatoka pamoja lakini haisafiri pamoja, mmoja una mbio, unafika kwanza na kishindo tu, wa pili ni mzito, unachelewa, ndio unaobomoa. Kadiri unavyokuwa mbali na mahali pa kukatikia ndivyo kimya cha katikati kinavyokuwa kirefu. Kama unavyohesabu kati ya radi kumulika na kunguruma. Mashine zao zinahesabu kimya hicho mahali tofauti tofauti, wanajua lilianzia wapi.

Nikamuuliza, "Kimya hicho kinamtosha mtu kutoka nje?"

Akatazama nyumba. Akatazama mlango wa chumba na mlango wa nje, nafikiri alikuwa anahesabu hatua. "Mahali pengine hakitoshi," akasema. "Hapa kwako kingetosha, bibi, kama mtu hakungoja."

Alisema pia juu ya linta, na udongo badala ya saruji, na ule ukuta wa pembetatu. Yote nilikuwa nayajua. Lile la kimya ndilo sikulijua. Wao wanakitumia kupimia umbali, na mimi nilikitumia kukaa chini.

Mwishoni karatasi yake ilikuwa na swali la madhara kwa watu. Nikamwambia andika mguu mmoja. Akaandika. Nikamwambia na vidole viwili vya mkwe wangu. Akauliza, "Viliumizwa na tetemeko la kwanza au la pili?" Nikasema andika la pili. Alivyoinama kuandika nilitaka kumwambia kwamba siyo la kwanza wala la pili, lakini ni mtoto wa watu, amekuja kupima ardhi.

Wanangu walinijengea chumba kingine uani, cha miti na udongo, bati jepesi, mlango unafungukia nje. Ni kidogo. Ninalala humo, na kila lori likipita barabarani naamka nimeshasimama nje kabla sijajua nimetokaje. Nyumba kubwa imebaki na upande mmoja wazi. Sijaruhusu ijengwe.

Mkwe hakuja kwa miezi. Binti yangu alikuja, akakaa na mimi, hakunilaumu kwa mdomo. Nilimuuliza nani anakamua. Akasema, "Mimi, mama." Nikamuuliza na kuvuna? Akasema watu wa kusaidiana. Baba watoto anajifunza kushika mundu kwa kushoto. Nikamwambia amwambie mumewe aje.

Kabla hajafika niliwaita wazee wawili wa ukoo. Nikawaambia mimi naondoa ile miiko kati yangu na yule baba. Ipo njia ya kuiondoa, anachinjwa mbuzi, mnakula pamoja sahani moja, basi anakuwa kama mwanangu wa kuzaa, anaingia, anakaa. Nimeona wengine wakifanya. Wazee wakasema ni haki yangu, mbuzi akatengwa.

Akaja siku ya mvua. Nilikuwa ndani ya chumba changu kipya, naota moto wa jiko la mkaa. Akapiga hodi kutoka mbali, akasimama ukutani kwa nje, pale bati linapoishia, mgongo kwangu. Mkono wa kulia ulikuwa ndani ya koti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Ingia ndani, mvua."

"Hapa panatosha, mama."

"Nimeongea na wazee. Yale mambo tumeyaondoa. Ingia ukae."

Maji yalikuwa yanamdondokea begani.

"Mama," akasema, "siku ile ulinifunga macho, nikakubali. Nilikubali kwa sababu na mimi sikutaka kukuona. Nilifungua mwenyewe, wewe hukuniambia. Watu wa kwetu wakiniuliza mkono umefanyaje, nasema niliuacha kwa mama mkwe nikimheshimu. Wananyamaza. Wananipa kiti." Akahamisha uzito mguu kwa mguu. "Nikiingia leo nikala na wewe, nitasema nini? Kwamba tungeweza kuondoa hayo mambo tangu zamani?"

Nikachochea makaa jikoni.

"Mbuzi ameshatengwa," nikasema.

"Mbuzi wape wajukuu, mama."

Nikapakua wali, ulikuwa wa mpunga wake, na maharage. Nikaisukuma sahani kwa fimbo mpaka nje ya kizingiti, maana mguu bado haukuwa unakunjika vizuri. Akarudi kinyumenyume bila kugeuka, akachuchumaa, akaivuta chini ya bati. Akala kwa mkono wa kushoto, taratibu, punje zinamponyoka, na mimi ndani nikiangalia mgongo wake unavyolowa. Nilimwambia asogee ndani kidogo, asiingie, asogee tu mvua isimpate.

Akasogea kidogo.